Naomba mnikagulie makala ya Bombay Talkies kabla sijaipeleka tena

Binti wa Tanga: Habari zenu. Nimeandika makala ya kamusi elezo kuhusu Bombay Talkies, kampuni ya filamu iliyoanzishwa 1934 na Himanshu Rai na mkewe Devika Rani, studio ikiwa Malad, Bombay. Mhakiki kairudisha, eti inasomeka kama tangazo. Imeniuma, wiki mbili nzima nimeikesha. Mama alikuwa akikuna nazi huku akiimba nyimbo za Kihindi, ndiko nilikoanzia kuzipenda. Sentensi ya kwanza ni hii: "Bombay Talkies ni kampuni adhimu iliyotia fora kwa filamu zisizo na mfano." Kosa liko wapi?

Mzee wa Rili: Mwanangu, kosa liko hapo hapo. Umemwaga sifa tatu, na msomaji bado hajaambiwa kitu. Andika kwamba filamu yao Kismet ya 1943 ilikaa ukumbi wa sinema wa Roxy, Calcutta, miaka mitatu. Kutia fora atakuona mwenyewe. Chanzo kikae mwisho wa sentensi hiyo hiyo, usivirundike vyote chini.

Halafu, mimi nimezungusha rili za filamu kwenye sinema miaka kumi na minane. Rili ikikatika, ukiunga vibaya, mtu anaonekana mlangoni, mara yuko kitandani anakufa. Makala yako imeungwa hivyo. Kampuni inang'ara, mara imefungwa! Franz Osten, Mjerumani aliyeongoza filamu yao Achhut Kanya (1936), umemruka, na Josef Wirsching wa kamera, Mjerumani mwenzake, pia. Vita vilipoanza 1939 Waingereza wakawaweka kizuizini. Rai akafariki 1940. Mwaka 1943 mtayarishaji Sashadhar Mukherjee na mwigizaji Ashok Kumar wakajitoa, wakaanzisha studio yao, Filmistan. Huyo Ashok Kumar unamsifu aya nzima bila kusema aliingia studio kama msaidizi wa maabara. Hilo lirudishe, tafadhali. Kijana wa kuosha filamu akawa nyota, nani asiyetaka kulisoma?

Kaka Mhariri: Naunga mkono. Na "ni kampuni" iwe "ilikuwa kampuni", filamu yake ya mwisho, Baadbaan, ni ya 1954.

Binti wa Tanga: Shikamoo mzee, ahsanteni wote. Nimeanza upya: "Bombay Talkies ilikuwa kampuni ya filamu ya India, iliyofanya kazi Malad, Bombay, kuanzia 1934." Sasa naandika aya ya maabara. Osten na Wirsching nawaweka usiku huu, kisha naileta tena hapa muikague.