Kiwi inamwasha mtoto, na bibi yake anatumia warfarin: tuendelee kuila?

Mama Hanifa, Dar es Salaam

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu tunda la kiwi, ambalo siku hizi halikosekani nyumbani kwetu. Mwanangu wa miaka sita husema ulimi na midomo vinamwasha kila anapoila, ingawa hatoki vipele. Mama mkwe wangu, ambaye anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaipenda mno kwa sababu inamsaidia kupata choo, nami sijui kama inapatana na dawa yake. Tena, mtindi niliochanganya na vipande vya kiwi jioni ulikuwa mchungu kufikia asubuhi, ilhali nikitumia embe haubadiliki. Je, shida ni tunda lenyewe au ni namna ninavyolitumia?

Muuguzi wa Zamu

Mama Hanifa, nianze na mtoto, kwa kuwa hilo ndilo lisilofaa kusubiri. Kiwi ina chembe ndogo sana za oksalati zenye ncha kama sindano, pamoja na kimeng'enya kiitwacho aktinidini, na vyote viwili vinaweza kuwasha mdomo hata wa mtu asiye na tatizo lolote. Hata hivyo, kiwi ni miongoni mwa matunda yanayojulikana sana kwa kusababisha mzio, na mwasho wa mdomo huweza kuwa dalili yake ya kwanza. Kwa kumtazama tu nyumbani huwezi kutofautisha hali hizo mbili, kwa hiyo usimpe tena mpaka daktari amwone, wala usimjaribishe kipande kidogo ili uone kitakachotokea. Mweleze daktari pia kama mtoto huwashwa na ndizi, parachichi, au puto na glavu za mpira, kwa sababu mzio wa mpira wa asili mara nyingi huambatana na mzio wa matunda hayo. Akivimba midomo au macho, akitapika, sauti ikikwaruza au akipumua kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitali papo hapo.

Kuhusu bibi, gramu 100 za kiwi ya kijani zina takriban mikrogramu 40 za vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarin. Kiasi hicho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mchicha, kwa hiyo hana sababu ya kuinyima nafsi yake tunda analolipenda. Kinachovuruga kipimo cha damu ni kula nyingi wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Ale kiasi kilekile kila siku na awaarifu wahudumu wa kliniki yake. Kama figo zake zina matatizo, aulizie pia suala la potasiamu, ambayo ni takriban miligramu 300 katika gramu 100.

Mzee wa Lushoto

Naunga mkono hoja ya choo: kiwi mbili za kijani kwa siku zimefanyiwa utafiti kwa watu wenye shida hiyo, na nafuu imeonekana. Lakini anayeinunua kwa ajili ya vitamini C tu nadhani anapoteza fedha, kwa kuwa gramu 100 za kiwi ya kijani zina miligramu 90 hivi, wakati mapera yetu ya hapahapa yana zaidi ya mara mbili ya hizo.

Jiko la Pwani

Uchungu wa mtindi unatokana na aktinidini hiyohiyo iliyotajwa. Kazi yake ni kuvunjavunja protini, na protini ya maziwa ikivunjwa hutoa vipande vyenye ladha chungu, kwa hiyo weka kiwi juu ya mtindi wakati wa kuandaa mezani, wala usiilaze nao. Ndiyo sababu pia jeli ya gelatini haigandi ukiitia kiwi mbichi, ilhali ya agar-agar, unga wa kugandisha unaotokana na mwani, huganda, kwa kuwa agar-agar si protini. Ukiipika kiwi kidogo, kimeng'enya hufa, ingawa rangi yake nzuri ya kijani hufifia.

Kwenye nyama, hasara hiyo hugeuka faida. Sisi hulainisha mishikaki kwa papai bichi, na Wakorea hutumia kiwi kwa kazi hiyohiyo. Ponda kiwi moja kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, changanya na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, uache kama nusu saa, kisha uchome. Ukiilaza usiku kucha, nyama huwa laini kupita kiasi na kukosa utamu wa kutafuna. Kiwi ngumu iweke ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, nayo itaiva mapema.

Mama Hanifa

Nashukuru sana. Mtoto nitampeleka kliniki wiki hii. Je, hizi za njano, ambazo ni tamu zaidi, angeweza kupewa kwa sasa?

Muuguzi wa Zamu

Hapana. Za njano zina aktinidini pungufu kuliko za kijani, lakini nazo huamsha mzio kwa wenye mzio wa kiwi. Asubiri majibu ya daktari.