Tupeane uzoefu: Siku nzima ya kutazama ndege na mwongozaji, Hifadhi ya Taifa Arusha

#1 (mtoa mada)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaopeleka watu kutazama ndege na wale wanaokwenda wenyewe mara kwa mara. Tuweke mambo ya kazi: saa, njia, vifaa na yanayoharibu siku. Naanza na Arusha kwa sababu ndani ya siku moja unapata msitu wa mlimani, uwanda wa majani na maziwa ya magadi, na lango la Ngurdoto haliko mbali na Usa River.

Malipo yamalizeni jana yake. Getini hawapokei fedha taslimu, na mtandao ukisumbua mtakaa pale wakati ndege wanalia kuliko saa nyingine yoyote. Kutembea kwa miguu lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na hulipiwa kando. Nyati ni wengi, kwa hiyo hilo si la kujadiliana.

Mpangilio wangu: kuwa getini kabla halijafunguliwa, pita Serengeti Ndogo (ule uwanda wa majani karibu na lango) bila kuchelewa, halafu msitu wa Ngurdoto hadi saa 4. Kreta inatazamwa kutoka ukingoni tu, hairuhusiwi kushuka. Mikindu na Leitong ni sehemu nzuri za kusimama, kwa sababu pale unatazama vilele vya miti kwa usawa wa macho badala ya kukunja shingo. Maziwa ya Momella, ndiyo yale ya magadi, baadaye. Maji lita 3 kwa kila mtu, na koti, maana asubuhi ni baridi.

#2

Mkuu, mpangilio huo ni wa miezi ya joto. Juni hadi Agosti ukungu unakaa msituni, mwanga hafifu, ndege wamejikunyata. Ukifika saa 1 utasikia kidogo na kuona vivuli tu. Msimu huo anza Momella maji yakiwa yametulia, ingia msituni saa 3 jua likishapenya.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi maziwani: jua likipanda, hewa juu ya maji inaanza kutetema. Darubini ya miguu mitatu ukiiweka mara 60 unaona uji tu. Watu hulaumu lenzi. Rudisha mara 20 au 25, au sogea karibu kwa gari.

Na wanaofuata ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia waje Novemba hadi Machi. Julai ukingoni mwa ziwa hutapata wale sululu wadogo wa matopeni kwa wingi, hata mwongozaji awe hodari vipi.

#3

Niongezee msitu, maana hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa.

Usitembee ukitafuta. Tafuta mti wenye matunda, hasa mkuyu, kaa umbali wa mita 15 hadi 20, subiri nusu saa. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona: mabawa yake yanavuma kwa nguvu kila anapoyapiga. Shorobo wa Hartlaub huja kimya, anakimbia juu ya tawi kama kindi. Akiwa ametua ni kijani, kishungi cha buluu iliyoiva, na doa jeupe mbele ya jicho. Akiruka tu ndipo mabawa yanafunguka mekundu. Wekundu huo ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, si mchezo wa mwanga, ndiyo maana unaonekana hata kivulini. Mwambie mgeni aweke darubini machoni *kabla* ndege hajaruka, kwa sababu wekundu wenyewe hauchukui hata sekunde tatu.

Trogoni ni kinyume chake. Anakaa wima bila kutikisika, mara nyingi amekupa mgongo wa kijani, na kwenye majani hapo macho yanampita. Chunguza matawi ya katikati yaliyo wazi, si vilele. Chini ya mkia kukiwa na mistari myeusi na myeupe, huyo ni wa mlimani. Kukiwa kweupe bila mistari ni narina.

Siafu wakivuka njia, simameni. Wadudu wanaokimbia siafu ndio chakula cha ndege wa chini ya vichaka, na watakuja wenyewe. Kaeni mita 3 au zaidi, suruali ndani ya soksi, na angalieni miguu kila dakika, kwa sababu tawi la pembeni la msafara huwa halionekani.

#4

Maziwa sasa. Tatizo la kwanza ni ahadi. Kampuni inauza "heroe maelfu" (heroe ndio flamingo), mgeni anafika anakuta wachache. Heroe mdogo anakula vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho. Vikipungua ziwa moja anahamia jingine, Manyara au Natron, na huko Natron ndiko wanakozalia. Maziwa ya Momella yenyewe hayafanani kwa chumvi, ndiyo maana rangi zake hazifanani. Zunguka yote kabla ya kusema hawapo.

Kuwatofautisha: mdogo ana mdomo mwekundu uliokoza sana, kwa mbali unaonekana mweusi wote, na anakula akifyeka juu juu ya maji. Mkubwa ni mweupe zaidi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, kichwa anakizamisha. Ukubwa peke yake unadanganya kama hawajasimama pamoja.

Kuhesabu: hesabu kumi, angalia wamechukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Vibisi ni shida zaidi kwa sababu wanazama na kuibukia kwingine. Hesabu kipande kimoja cha maji kwa nusu dakika, chukua idadi kubwa uliyoiona, usijumlishe. Bata makoa naye huzama. Dume ni hudhurungi, mdomo wa buluu, mkia mara nyingine ameusimamisha.

#5

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada wa darubini: 8x42 au 10x42, yaani ya kukuza mara 8 au mara 10, kioo cha mbele milimita 42?

#6

Ndugu yangu, kwa msitu 8x42. Gawanya 42 kwa 8 unapata zaidi ya 5, kwa 10 unapata 4.2, hicho ni kipenyo cha mwanga kwa milimita unaofika jichoni, na chini ya miti kila milimita ina kazi. Pia unaona eneo pana zaidi na mkono hautetemi sana.

Irekebishe kabla ya kuondoka. Funika upande wa kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Kisha funika kushoto, zungusha pete ya kulia tu. Baada ya hapo pete hiyo usiiguse. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho, asiye na miwani avitoe nje. Wengi wanaosema "sioni kitu" tatizo lao liko hapa. Vumbi lipulize kwanza ndipo ufute. Ukifuta kwa shati, mchanga unakwaruza kioo.

#7

Mambo matatu ya mwongozaji. Kwanza, kubalianeni namna ya kuelekezana. Akisema "saa tatu", mmoja anatazama kulia, mwingine anayefikiria mshale wa saa yake anatazama kushoto, na ndege kashaondoka. Semeni "kulia kwa gari, mti uliokatika, tawi la pili". Pili, zima injini kabisa, isiachwe ikinguruma. Mtikisiko unaharibu unachokiona kwenye darubini na picha. Mfuko wa maharage kilo moja na nusu wa kuegemezea kamera dirishani unasaidia kuliko miguu mitatu ndani ya gari.

Tatu, kupiga sauti za ndege kwa simu ili watoke. Naomba tuache. Ndege anaacha kiota au chakula kuja kupigana na mpinzani asiyekuwepo, na sehemu inayotembelewa kila siku anafanyiwa hivyo kila siku. Mgeni akishinikiza, mwambieni hivyo hivyo, kisha mpelekeni kwenye mkuyu wenye matunda.