Krismasi hii tupande Mwika kwa mama mkwe, au twende kwenye theluji kwa mtoto?

Mama Eliya wa Mbuyuni:

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi, nina miaka 57, nimeolewa Mwika. Mnaojua mambo ya huku hamhitaji kuelezwa: ikifika tarehe 23 Desemba unafunga banda, unapakia mchele, mafuta na sukari, unapanda kijijini. Miaka 33 sijakosa. Hata mwaka niliomzaa Eliya, nilijifungua tarehe 19 na tarehe 24 nilikuwa nimeshapanda naye kwenye khanga.

Huyo huyo Eliya sasa ni mpishi kwenye hoteli moja ya milimani karibu na Innsbruck, Austria. Hii itakuwa Krismasi ya nne bila yeye. Kule Krismasi ndiyo msimu, watu wanamiminika kuteleza kwenye theluji na skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, na mpishi akiomba likizo Desemba wanamwona kachanganyikiwa. Juzi akapiga: "Mama, mimi siwezi kuja, basi njooni nyie." Amejibana akapata nauli ya mimi, baba yake na mdogo wake wa miaka 12. Siku 8. Na eti mama naye atafundishwa skii!

Magoti yangu cherehani ya kukanyaga imeshayamaliza. Nguo za baridi sina, zaidi ya sweta la Lyamungo. Lakini kinachoninyima usingizi ni mama mkwe, ana miaka 86. Namwambiaje kwamba mwaka huu mbuzi atachinjwa sisi hatupo? Mume wangu amesema "utaongea naye wewe," halafu akawasha redio.

Theluji ya Kilimanjaro naiona kila asubuhi nikifungua banda, mawingu yakiwa yameondoka. Sijawahi kuigusa. Aliyewahi kwenda naomba aniambie ukweli.

Kibosho hadi Tirol:

Shikamoo mama. Nimeishi Innsbruck miaka 6, nimerudi, sasa nipo Arusha.

Skii kwanza. Siku ya kwanza hupelekwi mlimani, usiogope. Unapelekwa kwenye kimteremko cha watoto, na utakuwa na watoto kweli, wa miaka minne, wanakupita wakicheka. Viatu vyake ni vigumu kama umefungwa plasta miguu yote miwili, kutembea navyo kwenye lami ni adhabu. Kupandishwa juu unasimama kwenye mkanda unaotembea wenyewe. Somo lenyewe ni moja: kufunga breki. Unakutanisha ncha za mbele za skii, visigino unavipanua, zinakuwa kama paa la nyumba, unapunguza mwendo. Mimi nilikuwa na miaka 26 na ilinichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilisimamishwa na uzio.

Njia zao zina rangi: bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe. Mtu yeyote akikwambia "twende nyekundu, ni fupi tu," hata akiwa Eliya, kataa.

Kwa magoti uliyoyasema, mama, mimi nisingevaa skii. Goti ndilo linaloumia zaidi kwenye mchezo ule, maana mguu unajipinda huku ubao umeushikilia. Muombe akupeleke kwenye kigari cha mbao cha kuteleza, unakaa, unashika kamba, unashuka. Kama ulikulia migombani utakuwa uliwahi kushukia ganda la mgomba. Ni kile kile, ila unapoangukia ni baridi.

Bima sasa. Ile ya viza inatakiwa kukulipia matibabu hadi angalau euro 30,000, lakini soma maandishi madogo kama inagusa michezo ya theluji. Ukivunjika kwenye mteremko ukabebwa na helikopta, ankara inaweza kukujia wewe. Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Usingoje Novemba.

Na mjiandae: sikukuu yao ni jioni ya tarehe 24. Zawadi zinaletwa na Mtoto Kristo, si yule mzee wa ndevu. Tarehe 25 na 26 maduka yamefungwa, mji umenyamaza. Mtu wa Mwika atadhani kuna msiba.

Mzee wa Horombo:

Mama Eliya, mimi ni mwongozaji wa Mlima Kilimanjaro, nimepandisha wageni tangu 2001. Kuhusu nguo nenda Memorial, kwenye mitumba, ndiko tunakonunua wote. Kukodi kule kwenye vifaa vya mlima kunafaa kwa siku chache; kwa siku 8 nunua tu. Usivae pamba ndani, ikilowa jasho inakugandisha. Tafuta sufu, au zile nyepesi zinazokauka upesi. Glavu jozi mbili, ya mtoto ziwe tatu maana moja ataipoteza. Miwani ya jua lazima, theluji inarudisha mwanga hadi macho yanatoa machozi, na mdomo upake mafuta.

Urefu usikutishe. Mlima wao mrefu kuliko yote nchini, Grossglockner, una mita 3,798. Kibanda chetu cha Horombo, kwenye njia ya kupanda Kilimanjaro, kipo mita 3,720. Yaani mwisho wao ndipo sisi tunapolala tukisubiri kesho! Ila wapo kaskazini mno, theluji inawashukia hadi mlangoni.

Na tuna undugu nao wa zamani. Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni mwa Kilimanjaro na Hans Meyer 1889, alizaliwa Innsbruck huko huko. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, wakapanda Kibo, kilele hicho hicho, na skii wakateremka nazo. Mimi kila nikilikumbuka hilo namuwaza mpagazi aliyezibeba zile mbao.

Shemeji wa Rombo:

Mama mkwe hapigiwi simu. Panda mwenyewe, kakae jikoni, shika isale, lile jani letu Wachaga, mkononi. Akiliona isale atajua umekuja kuomba radhi kabla hujafungua mdomo. Usimpe mzee wako nafasi ya kuongea, ataharibu.

Mtoro wa Baridi:

Wanaosema skii si ya kwetu wakumbuke Mkenya Philip Boit, mbio za skii za Olimpiki ya baridi, Nagano 1998. Alikuwa wa mwisho kabisa, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Kadondoke kwa raha zako mama.

Mama Eliya wa Mbuyuni:

Marahaba mwanangu wa Arusha, na asanteni wote. Jumapili baada ya ibada nilipanda Mwika, isale lipo kwenye mkoba. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori. Nikaeleza yote. Hakunijibu, akamenya nyingine tatu hivi, halafu akauliza: "Siku hiyo yeye anawapikia wageni. Yeye anapikiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Isale alilipokea akalichomeka ukutani.

Tumekubaliana mbuzi achinjwe tarehe 13, tule wote ndipo tusafiri. Amesema nimbebee Eliya kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage. Swali jipya basi: kiburu kilichopikwa kinapita uwanja wa ndege, au nibebe maharage makavu tu nikatafute ndizi kule kule?