Mgeni wa anime (katuni za Kijapani) aanze na za zamani au za sasa? Naomba ushauri wa haraka kabla ya Jumamosi

Vumbi la Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma hapa, kichwa kinaniuma. Kuna mtu wangu wa karibu, mgeni kwenye mambo ya anime, na nataka nimpe kitu cha kuangalia kabla ya Jumamosi. Nimegawanyika. Za zamani kama Dragon Ball Z na Naruto zina utu ndani yake, ila ni ndefu kama reli ya kati. Za sasa ni fupi, michoro inang'aa, lakini naona damu imezidi. Nyie mngempa ipi? Iwe tulivu, ya kumtoa mtu kwenye mawazo. Naomba msinitukane, presha ninayo tayari.

Mzee wa Deki
Za zamani, hakuna mjadala. Sisi Dragon Ball Z tuliiangalia Chang'ombe kwa deki ya kuazima, CD ina mikwaruzo, ikikwama unaitoa unaifuta na fulana unarudisha. Frieza, yule adui, anasema sayari inalipuka baada ya dakika tano, tukaangalia wiki nzima sayari bado ipo. Na hakuna aliyelalamika! Siku hizi mtoto akisubiri sekunde tano anaruka mbele. Toriyama, aliyeichora, alipofariki Machi 2024 nilikaa kimya mezani, mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia Toriyama amefariki. Akauliza, ni wa wizara gani?

Zabibu Chachu
Hahaha wa wizara gani. Ila Mzee, unapenda ujana wako, hupendi hiyo katuni. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, na kuanzia pale 136 ni porojo karibu mpaka mwisho. Sababu inajulikana: katuni ilikuwa inarushwa kila wiki, ikawa inakifikia kitabu cha michoro ilikotoka, basi wakajaza hadithi za pembeni ili mwandishi apate nafasi ya kusogea. Siku hizi wanatoa vipindi 12 au 24, wanapumzika, wanarudi kitabu kikiwa kimetangulia. Huoni kipindi kizima watu wanamfukuza mbuni.
Mleta uzi, mpe Frieren. Ya 2023, vipindi 28 msimu wa kwanza. Inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia: mfalme wa mapepo ameshakufa, mashujaa wamerudi nyumbani, wanazeeka, mmoja tu hazeeki. Tulivu mno.

Mama Wawili
Watu wazima na katuni. Ndiyo maana mnafika arobaini mnaishi kwa dada zenu. Kanunueni mbegu za alizeti.

Vumbi la Nkuhungu
Mama Wawili, tuheshimiane. Kukaa kwa dada si dhambi.

Kinyonga wa Area D
Huyo mtu wa karibu ni wa kike? Kama ni wa kike usithubutu kuanza na Dragon Ball, atakukimbia kabla Goku hajamaliza kupiga kelele. Mimi wangu nilimwekea Death Note, ile ya daftari linaloua anayeandikwa jina, vipindi 37 tu. Sasa hivi kila tukigombana namuona anaandika kwenye daftari.

Vumbi la Nkuhungu
Si wa hivyo mkuu. Ni mtu wa nyumbani.

Saiyan wa Sabasaba
Ngoja kwanza. Umesema ni mgeni, halafu unataka kitu cha "kumtoa kwenye mawazo". Mawazo gani? Ameshaangalia nini mpaka sasa?

Vumbi la Nkuhungu
Aliona kidogo Attack on Titan, ile ya majitu yanayokula watu.

Saiyan wa Sabasaba
Kidogo kiasi gani?

Vumbi la Nkuhungu
Misimu mitatu.

Zabibu Chachu
Huyo si mgeni tena, huyo ni mwenyeji ana mpaka kiti chake. Amalizie tu msimu wa mwisho, mbona hadithi ndiyo inanoga!

Saiyan wa Sabasaba
Zabibu tulia. Mleta uzi, kwa nini Jumamosi?

Vumbi la Nkuhungu
Mama yake anarudi.

Kinyonga wa Area D
MAMA YAKE?

Saiyan wa Sabasaba
Ana umri gani huyu mtu wa nyumbani?

Vumbi la Nkuhungu
Yuko darasa la pili. Ni mpwa wangu. Dada yuko Dar kwenye semina ya kazini, kaniachia mtoto.
Kabla hamjaanza: mtoto mwenyewe ndiye aliyenikuta naangalia, akakaa. Ningemfukuza angelia. Na si kwamba ameharibika, anakula vizuri, hesabu anapata. Ila juzi paredini alijing'ata mkono hapa karibu na dole gumba, akasimama anasubiri kugeuka jitu. Wenzake nao wakajing'ata. Mwalimu wa darasa ameandika barua, mzazi afike Jumatatu.

Mama Wawili
Yesu wangu. Hayo ni mapepo mnaingiza ndani kwa flashi. Mtoto wa mwenzio! Mimi wangu wakishakula wanalala, televisheni naifunika kitambaa.

Mzee wa Deki
Dada, sisi tulikuwa tunajirusha juu ya paa la choo tukijifanya tunapaa na tumekuwa watumishi wa umma. Ila kusema kweli ile si ya mtoto. Hata kwao Japani ilikuwa inarushwa usiku wa manane, watoto wamelala. One Piece ndiyo kwa miaka mingi ilikuwa Jumapili asubuhi. Kijana, usijitetee kwa kusema ni katuni.

Vumbi la Nkuhungu
Nimekuelewa mzee, ila nisikilizeni na mimi. Nikikatisha hapa tulipofika, mtoto atabaki hajui hatima ya ukuta, na hofu yake itakuwa kubwa zaidi. Hoja yangu tumalize msimu wa mwisho ahitimishe, halafu ndiyo nimpe kitu tulivu cha kusafishia. Nimeshamuahidi akimaliza daftari la hesabu tunaendelea. Na flashi nimeshajaza pale Majengo, hela imeshatoka.

Saiyan wa Sabasaba
Msimu wa mwisho?! Ndugu, wewe mwenyewe umeuangalia? Sitaki kuwaharibia wengine utamu, ila yule shujaa ambaye mpwa wako anajing'ata kumuiga, huko mwisho hutamani mtoto yeyote amuige.

Mhakiki wa Ihumwa
Nimesoma uzi wote na nasema hii ni chai. Tena ya maziwa.
Misimu mitatu ya Attack on Titan ni vipindi 59. Kila kimoja dakika 24. Hizo ni karibu saa 24 kamili, mtoto anaenda shule, na huko Nkuhungu umeme tunajua unavyokuja na kuondoka. Pili, mtoto wa darasa la pili anasomaje maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo wakati herufi kubwa na ndogo bado zinamchanganya? Tatu, huyuhuyu Vumbi la Nkuhungu mwaka jana alileta uzi wa jirani yake anayefuga fisi chumbani, watu wakatoa ushauri mpaka wa kisheria, akapotea. Wadau, tusipelekwe.

Kinyonga wa Area D
Uzi wa fisi ulikuwa wake? Nilichangia ule!

Zabibu Chachu
Na mimi. Nilimpa mpaka utaratibu wa kuripoti maliasili.

Vumbi la Nkuhungu
Fisi alikuwepo, jirani alihama. Tusichanganye mada.
Kuhusu maandishi, mtoto hasomi. Namtafsiria. Anakaa chini kwenye mkeka, mimi nyuma kwenye kochi, napunguza sauti, naingiza maneno kama wale wa kibanda umiza. Eren ni Elia. Mikasa ni Mariamu. Levi nimemwacha Lawi maana jina ni lilelile. Wanaishi Chamwino, nyuma ya ukuta. Na lile jitu jekundu lisilo na ngozi, lile la mita 60 linalochungulia juu ya ukuta wa mita 50, nililiita Baba Mkubwa. Sikuwa na nia mbaya, lilitokea ghafla na mimi nilikuwa natafuta neno.
Shida imekuja pale kaka mkubwa wa baba yake alipofika kusalimia kutoka Kongwa. Mtoto akaambiwa, njoo umwamkie baba mkubwa. Tulimtoa chini ya kitanda kwa biskuti.

Kinyonga wa Area D
Nimecheka mpaka abiria kwenye daladala wamegeuka.

Mzee wa Deki
Hii hata kama ni chai, niongezeeni kikombe.

Mhakiki wa Ihumwa
Mnaona? Kila akibanwa hadithi inanoga zaidi. Mtu mkweli akibanwa hadithi yake inapungua.

Saiyan wa Sabasaba
Mhakiki, chai au si chai, kuna mtu mwingine ana mtoto wa umri huo na anasoma hapa. Tumjibu huyo. Doraemon ipo, imerushwa tangu 1979, paka roboti anatoa vifaa mfukoni kumsaidia mtoto mvivu wa shule. Captain Tsubasa ya 1983 kama anapenda mpira, uwanja hauna mwisho, mtu anakimbia nao mpaka unasahau goli liko wapi, ila hakuna anayeliwa.

Ndoige Mtukutu
Mpe Grave of the Fireflies. Ya 1988, kaka na mdogo wake wa kike, hakuna jitu hata moja. Fupi, jioni moja mmemaliza.

Zabibu Chachu
MLETA UZI USIMSIKILIZE HUYU. Ndoige una roho mbaya kweli. Hao watoto wako vitani, njaa inawamaliza. Mimi niliiangalia nikiwa chuo pale UDOM, mtu mzima na ndevu, nikashindwa kwenda kula.
Sawa, chukua ile iliyotoka pamoja nayo. Ilikuwa siku moja, Aprili 1988, filamu mbili kwa kiingilio kimoja: hiyo ya msiba, na My Neighbor Totoro. Totoro ni dada wawili wamehamia shamba na baba yao, mama amelazwa, wanakutana na dude kubwa la msituni lenye manyoya. Hakuna adui. Hakuna anayepigana. Michoro ya mkono yote, mvua ile kituoni ukiitazama unaisikia. Hapo Mzee wa Deki nakupa ushindi, za zamani zina lake.

Mzee wa Deki
Nimepokea ushindi. Naomba uandikwe.

Mama Wawili
Hiyo Totoro ndiyo nini, iko kwa Kiswahili? Nauliza tu.

Vumbi la Nkuhungu
Wakuu nimerudi. Jana tumeangalia Totoro. Kuhusu ule msimu wa mwisho tutaona, sijasema sitauonyesha, nimesema tutaona.
Mtoto alikaa vizuri. Ilipofika pale yule mdogo anaanguka juu ya tumbo la Totoro, dude likafungua mdomo likapiga muayo, meno yote nje, mpwa wangu akanigeukia akaniuliza taratibu: "Anko, linamla sasa hivi au linasubiri wawe wawili?" Nikamwambia halili watu. Akasema, "Hata lile la ukutani mwanzo lilikuwa linachungulia tu." Mpaka mwisho alikuwa anasubiri. Filamu imeisha anadai imekatwa.

Saiyan wa Sabasaba
Iangalieni tena kesho. Mara ya pili ataona lenyewe halina shida.

Kinyonga wa Area D
Swali moja mkuu. Totoro umempa jina gani?

Vumbi la Nkuhungu
Baba Mdogo.

Mzee wa Deki
Na baba yake mdogo mwenyewe yupo?

Vumbi la Nkuhungu
Yupo. Ndiye anayekuja Jumamosi kumchukua mtoto wakampokee dada stesheni ya SGR.

Mhakiki wa Ihumwa
Hiyo Jumamosi leta picha.