Verity Lambert na tamthilia ya kurekodi bila kukata mkanda

Kibla_Sinza:
Wakuu, habari za leo. Tamthilia ya dakika 25 inatakiwa irekodiwe Sinza kwa siku moja, kamera tatu na swicha (kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi irekodiwe). Mwalimu katuagiza tuangalie kwanza kazi ya Verity Lambert wa BBC, 1963. Huyu mama alikuwa mwongozaji au mtayarishaji? Na waliwezaje bila kukatakata?

FundiMitambo:
Mtayarishaji. Kazi yenyewe ni Doctor Who, tamthilia ya Daktari anayesafiri katika wakati kwa chombo chake; hadithi yake ya kwanza iliongozwa na Waris Hussein. Lambert alibeba hati, uajiri na bajeti, takriban pauni 2,300 kwa kipindi. Alikabidhiwa kazi akiwa na miaka 27, mwanamke peke yake kati ya watayarishaji wa tamthilia pale BBC.

Mkanda ulikuwa na upana wa inchi 2. Kuukata kuliwezekana, ila kwa wembe: unapaka unga laini wa chuma ili alama za sumaku zionekane, unachungulia kwa hadubini, unakata, unaunga. Ukikosea kidogo, picha inaruka. Tena mkanda ulikuwa ghali, ulifutwa na kutumika upya, kwa hiyo hakuna aliyependa kuukata. Basi Jumatatu hadi Alhamisi mazoezi ukumbini, Ijumaa studio ya Lime Grove, mchana kupanga kamera, na saa 2:30 hadi 3:45 usiku kurekodi, kwa kusimama mara chache tu.

Kibla_Sinza:
Shukrani mkuu. Lakini nimesoma kipindi cha kwanza kilirudiwa chote. Si hasara hiyo?

Bi_Hati:
Hasara ingekuwa kukirusha. Walirekodi 27 Septemba 1963. Milango ya chombo ikagoma kufunga vizuri, na Daktari akatoka mkali kupita kiasi. Bosi wao, Sydney Newman, akaagiza kirudiwe, kikarekodiwa upya 18 Oktoba. Kilirushwa 23 Novemba, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, na wiki iliyofuata kikarushwa tena kabla ya kipindi cha pili.

Ila mwambie mwalimu wako kwamba ujasiri wa Lambert unaonekana zaidi kwa wale Dalek, viumbe maadui wa Daktari. Newman alikataza viumbe wa ajabu wa macho ya kutokeza. Lambert aliitetea hati yao iliyoandikwa na Terry Nation, na ukweli ni kwamba hakukuwa na nyingine iliyokuwa tayari. Hao hao ndio walioijaza watazamaji tamthilia. Mtayarishaji asiye na hati ya akiba huwa hana la kuchagua.

FundiMitambo:
Umesema kweli, Bi Hati. Sasa ya Sinza.

Zipe picha zote namba, kila mpiga kamera apewe karatasi yenye picha zake tu. Makosa mengi huanzia hapa: kamera 2 ina picha ya 14 na ya 16, na ya 15 ina sekunde 4. Hawezi kusogeza tripodi, kupanga fremu na kuweka fokasi kwa sekunde 4. Refusha ya 15 au mpe kamera 3 ile ya 16. Mwigizaji anayebadili nguo naye aandikiwe onyesho la wenzake katikati; dakika moja haitoshi kama kuna vifungo.

Milango ijaribiwe mara kumi siku ya mazoezi, na taa ziwake, maana mbao nyepesi hupinda kwa joto. Feni izimwe wakati wa kurekodi. Paa la bati na mvua ya masika havipatani, panga asubuhi na uombe Mungu. Swicha na rekoda vichomekwe kwenye UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika kabla faili halijafungwa, mara nyingi halifunguki tena. Na kila kamera irekodi kwenye kadi yake pia, anza kwa kupiga kofi moja mbele ya zote ili baadaye uzioanishe.

Kibla_Sinza:
Kadi za GB 64 zinatosha?

FundiMitambo:
Kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika 25 ni karibu GB 19. Mazoezi ya mwisho na kurekodi mara mbili ni GB 56 na ushee. Tafuta za 128.