Namna ya kuwa makini kiroho mchana kutwa

Mwanakwaya: Bwana asifiwe wapendwa. Asubuhi mtu anasali vizuri, akishaingia kazini Mungu anasahaulika mpaka usiku. Dawa yake nini?

Katekista: Milele amina. Anza na kutafiti dhamiri, yaani kuipitia siku yako mbele za Mungu, kwa utaratibu wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, dakika 15 jioni. Si kitandani, utasinzia hata hujafika katikati. Shukuru kwa jambo moja mahususi, omba mwanga wa Roho Mtakatifu, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, panga kesho. Kazi yenyewe iko kwenye kupitia siku. Usihesabu dhambi tu. Angalia moyo ulitulia wapi na ulichafuka wapi. Ulimjibu mteja kwa ukali saa nne? Rudi nyuma: nini kilikuudhi kabla hajafika?

Mama Neema: Wengi hukwama kwa kushika kasoro zote kwa mpigo. Ignasi anataka moja tu: asubuhi unakusudia kuiepuka, kisha mchana na usiku unatia nukta daftarini kwa kila ulipoanguka, mstari wa mchana na mstari wa usiku, na unalinganisha mistari hiyo. Hiyo nukta ya mchana ndiyo inayokuamsha ukiwa kazini.

Mlokole: Sawa, ila si kila msukumo ni Roho. Soma 1 Yohana 4:1, pima kwa Neno, mshirikishe mchungaji. Na ukiwa umevunjika moyo, usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na amani.

Katekista: Hilo la mwisho hata Ignasi kaliandika, ndugu.