Tuliokulia Tabora na Kigoma: Mwalimu Nyerere aliacha nini nyumbani kwenu? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni, na wa Unyamwezini pia. Kila ikikaribia tarehe 14 Oktoba redio zinarudia hotuba zake na watu wanaenda Butiama kuzuru kaburi, ni jambo jema kabisa, ila mi natamani tuongee ya majumbani kwetu huku magharibi maana sisi Mwalimu hatukumwona kwenye msafara tu. Kaanza Tabora School 1937 akiwa kijana kutoka Musoma, akamaliza akaenda Makerere, akarudi tena hapahapa kufundisha St. Mary's mpaka alipoondoka 1949 kwenda kusoma Edinburgh. Yaani ujana wake mwingi umeishia kwenye mji huu wa maembe.

Naanza mimi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli pale stesheni, na stori yake kubwa ilikuwa mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika Tabora, ule wa Uamuzi wa Busara. Wengi tumekaririshwa jina tu shuleni. Shida ilikuwa hivi, mkoloni alileta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, asipofanya hivyo kura imeharibika, na ili uandikishwe uwe na kisomo au kipato ambacho kina babu hawakukiota hata ndotoni. Watu walikuwa na hasira, wanataka kususia. Babu mwenyewe alikuwa wa kususia, anasema jioni kwenye migahawa walibishana mpaka chai inapoa. Mwalimu akasimama akawashawishi wajumbe waingie hivyohivyo, akasema wakisusa nafasi zitachukuliwa na wengine. Wapo waliokataa kabisa, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. TANU wakaingia, wakashinda, na 1961 uhuru huu hapa. Babu aliniambia kilichomgusa siyo ushindi, ni kwamba mtu alisimama mbele ya watu wake waliokasirika akawaambia wasichotaka kusikia na hakumtukana yeyote. Mi nalikumbuka hilo kila nikiona siasa za sasa. Haya, karibuni na nyie.

Wa Kasulu: Asante mkuu. Mi nitaongea ya kwetu na sitapaka rangi. Kigoma operesheni ya kuhamia vijijini ilitufikia mapema, 1972. Mama alikuwa binti, anasimulia walivyoamshwa waondoke, waache nyumba, waache michikichi ya babu iliyokuwa inazaa, waende kukaa kwenye mstari wa kiwanja kisicho hata na mti wa kivuli. Waliosimamia zoezi walikuwa wakali na babu hakusamehe mpaka anakufa. Lakini mama huyohuyo ndo wa kwanza kwenye ukoo wetu kukanyaga darasa, kwa sababu shule ilijengwa hapohapo kijijini na hakuna aliyedaiwa ada. Ukimuuliza Mwalimu alikuwa mtu gani analia kwanza halafu anamsifia. Mi naona yote mawili ni kweli na anayetaka kumuenzi ayabebe yote mawili.

Wa Ulyankulu: Umenigusa wa Kasulu. Sisi wazazi wetu walivuka kutoka Burundi 1972 wakikimbia mauaji, wakaletwa huku porini Ulyankulu, wengine Katumba na Mishamo. Baba anasema walipewa majembe, mbegu na ardhi, wakaambiwa limeni. Ardhi bwana, siyo hema! Nchi yenyewe ilikuwa maskini kama sisi. 1983 dunia ikampa Mwalimu nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi, na sisi watoto tuliozaliwa hapa tukakua tunaimba wimbo wa taifa hili hatujui mwingine. Uraia wa tajnisi ulikuja baadaye sana, tuko zaidi ya 160,000 tuliopewa, baba alipokabidhiwa cheti chake 2014 akasema huyu mzee angekuwepo aone. Na kumbukeni Mwalimu alikuwa anasuluhisha Warundi kule Arusha mpaka mauti yanamkuta, wazee wetu redio haikuzimwa enzi hizo.

Wa Urambo: Mimi ni kisomo tu. 1970 ulitangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi akaanza kwenda chini ya mwembe jioni akitoka kwenye tumbaku, mtoto mgongoni. Kabla ya hapo akienda kuuza tumbaku karani anasoma mzani yeye anapokea anachopewa. Alipojua namba akawa anasimama hapohapo kwenye mzani anasoma mwenyewe. Cheti chake kipo, nimekitunza.

Wa Ujiji: Siku alipofariki nilikuwa Kibirizi tunaanika dagaa. Rais Mkapa katangaza redioni, Mwalimu kafia London, hospitali ya St. Thomas. Watu wazima wakakaa chini mchangani, waliokuwa wanauza wakafunga mizigo yao. Nilikuwa mdogo sijawahi kuona wanaume wanalia mchana.

Mwanzisha mada: Asanteni jamani, nimesoma zote mara mbili. Wa Urambo piga picha hicho cheti utuwekee, watoto wakione. Wa Kasulu nina swali, ile michikichi ya babu mlirudi mkaipata?

Wa Kasulu: Baba mdogo alirudi miaka ya themanini mkuu. Mingine ilikuwa imeshakatwa, iliyobaki anavuna mpaka leo ila nusu ya shamba tunagombania na jirani, kesi iko baraza la ardhi.